Kizibo, Kiraka na Pandikizi: Historia ya Kuziba Ngoma ya Sikio na Funzo Lake kwa Watunga Istilahi

Utangulizi

Miongoni mwa kazi ziletwazo ofisini kwetu na wafasiri, zile za tiba ndizo zitutiazo hofu zaidi. Kosa katika tangazo la mnada huweza kusahihishwa kwa tangazo jingine. Lakini kosa katika karatasi ya ridhaa, ambayo mgonjwa huitia sahihi kabla ya kupasuliwa, halisahihishwi kwa karatasi nyingine, maana kisu kimekwisha kupita.

Si zamani sana tuliletewa rasimu ya karatasi ya namna hiyo ili tuipitie. Ilihusu upasuaji wa kuziba tundu katika ngoma ya sikio. Mfasiri wake, mtu mwenye bidii na Kiswahili safi, alikuwa ameandika kwamba mgonjwa atabandikwa "kiraka", na kwamba upasuaji huo "hufaulu" kwa watu tisa katika kila kumi. Nasi tulisahihisha tahajia, tukabadili neno moja mawili, tukaipitisha. Miezi kadhaa baadaye mmoja wetu alimkuta kliniki mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa amepasuliwa sikio.

"Daktari," alisema yule mama, "cheti changu chasema upasuaji umefaulu. Mbona basi wanafunzi wa madawati ya nyuma siwasikii?"

"Tundu limeziba vizuri kabisa, mama," alijibu daktari kwa upole. "Tulichokusudia kimefaulu."

Daktari alisema kweli, na mwalimu naye alisema kweli. Upotofu ulikuwa katika neno, na neno hilo lilikuwa limepita mikononi mwetu.

Tangu siku ile tumeona haja ya kuichunguza historia ya upasuaji huu kabla ya kurudia kuzigusa istilahi zake. Makala haya yanaeleza kwa ufupi ni vitu gani vilivyotumiwa, tangu karne ya 17 hata leo, kuziba tundu la ngoma ya sikio, na kwa sababu gani kimoja kiliachwa na kingine kikashikwa. Tutaona kwamba kila kitu kipya kilikuja na fikra mpya juu ya maana ya "kuponya sikio". Mfasiri asiyeijua historia hiyo huzichanganya fikra tatu au nne katika neno moja, na mgonjwa ndiye anayelipa.

1. Ngoma na kiwambo chake

Wanatomia wa Italia katika karne ya 16, Gabriele Falloppio akiwa mmoja wao, waliifananisha sehemu ya kati ya sikio na ngoma, wakaipa jina la Kilatini lenye maana hiyo. Kiswahili nacho kina "ngoma ya sikio", na jina hilo limo katika vinywa vya watu wote. Hata hivyo ngoma ina sehemu mbili: mzinga ulio wazi ndani, na ngozi iliyowambwa juu yake. Ngozi hiyo ndiyo kiwambo. Kwa hiyo, pale ambapo daktari anataka kutaja ngozi peke yake, tunapendekeza mfasiri aseme "kiwambo cha sikio", na neno "ngoma" aliache kwa mazungumzo ya kawaida.

Kiwambo hiki ni chembamba mno. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na upana wake haufiki sana sentimita moja. Juu ya hayo kina tabaka tatu: ngozi upande wa nje, nyuzi imara katikati, na utando laini wenye ute upande wa ndani. Nyuma yake pana chumba kidogo cha hewa chenye vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, ambavyo hupokezana mtikisiko wa sauti mpaka sikio la ndani. Chumba hicho hupata hewa kwa neli itokayo nyuma ya pua. Neli hiyo isipofanya kazi, hewa ya chumbani hupungua nguvu, na kiwambo huvutwa kwa ndani.

Kiwambo hutoboka kwa usaha wa muda mrefu, kwa kofi, kwa mshindo wa baruti, au kwa kijiti cha mtu ajichokonoaye. Tundu dogo mara nyingi huziba lenyewe. Lisipoziba, madhara ni mawili. Kwanza, sauti hupungua nguvu. Pili, maji na uchafu hupata njia ya kuingia, na usaha hurudi kila mara.

Madhara haya mawili hayaendi sambamba siku zote. Mwaka 1800 mpasuaji Mwingereza Astley Cooper aliieleza Jumuiya ya Kifalme ya London habari za mwanafunzi mmoja wa udaktari ambaye viwambo vyake vilikuwa vimeharibika, naye bado aliweza kufuata mazungumzo ya kawaida. Hivyo, kuwa na tundu si kuwa kiziwi. Na ikiwa ni hivyo, basi kuziba tundu si lazima kuwe ni kurudisha usikivu. Jambo hili lilijulikana zaidi ya miaka 200 iliyopita, na ndilo tulilolisahau sisi tulipolipitisha neno "hufaulu".

2. Enzi ya vizibo

Jaribio la kwanza linalotajwa katika maandishi ni la Mjerumani Marcus Banzer, mwaka 1640. Alitumia mrija mdogo uliofunikwa mwishoni kwa kibofu cha nguruwe, akautia sikioni badala ya kiwambo kilichotoboka. Hakujaribu kuponya kitu. Alijaribu kutia kitu kingine mahali pa kile kilichoharibika, kama mtu atiavyo jino la bandia.

Fikra hiyo ilidumu miaka 200. Mwaka 1841 mganga James Yearsley wa London alijiwa na mgonjwa kutoka New York. Mtu huyo alikuwa amejigundulia dawa yake mwenyewe: alikisokota kipande cha karatasi, akakilowesha mate, akakisukuma mpaka mwisho wa tundu la sikio, na papo hapo akasikia. Yearsley hakumdharau. Alijifunza kwake, akabadili karatasi kwa pamba iliyoloweshwa, na mwaka 1848 akaitangaza njia hiyo kwa waganga wenzake. Mwaka 1853 Joseph Toynbee, naye wa London, alitoa chombo bora zaidi, yaani kisahani cha mpira kilichofungwa kwenye waya wa fedha, ambacho mgonjwa aliweza kukitia na kukitoa mwenyewe.

Vitu vyote hivi, kibofu, pamba na mpira, ni vizibo. Havishiki, havioti, wala haviwi sehemu ya mwili. Usikivu waweza kuongezeka kwa muda navyo, lakini tundu hubaki vilevile. Mfasiri akikutana navyo katika kitabu cha historia asiviite "mapandikizi", kwa kuwa hakuna kilichopandwa.

3. Karatasi ya Boston

Mwaka 1877 Clarence Blake wa Boston, Marekani, alibandika kipande kidogo cha karatasi juu ya tundu la kiwambo. Kwa mtu wa kupita, hii yaonekana kuwa ni karatasi ileile ya mgonjwa wa Yearsley. Lakini fikra ilikuwa nyingine. Karatasi ya Blake haikukaa pale ili iwe kiwambo. Ilikaa ili kingo za tundu zipate mahali pa kutambaa, kama mpasheni utambaavyo juu ya chanja. Ngozi ilipokwisha kukutana, kazi ya karatasi ilikuwa imekwisha. Blake aligundua pia kwamba vipande vyake vya karatasi havikutulia mahali pamoja. Polepole vilisogea kuelekea nje, kwa sababu ngozi ya kiwambo yenyewe husogea na kukibeba kilicho juu yake.

Hapa ndipo neno "kiraka" linapostahili. Fundi cherehani hutia kiraka juu ya tundu bila kuigeuza nguo. Karatasi ya Blake, ambayo hata sasa madaktari huitumia kwa matundu madogo, ni kiraka kwa maana hiyo, ila ni kiraka kinachoondoka baada ya nguo kujishona yenyewe. Mfasiri wetu alipoandika "kiraka" kwa upasuaji wa leo, alitumia neno sahihi la kitu kingine.

4. Ngozi iliyohamishwa

Mwaka 1878, yaani mwaka mmoja tu baada ya karatasi ya Blake, Emil Berthold wa Königsberg, mji uliokuwa wa Ujerumani wakati huo, alithubutu jambo jipya. Alibandika plasta juu ya kiwambo kwa siku tatu, na alipoibandua iling'oka pamoja na ngozi ya juu. Juu ya jeraha hilo bichi akaweka kipande cha ngozi ya mgonjwa mwenyewe, na kipande kile kikashika. Ndiye aliyeupa upasuaji huo jina linalotumika mpaka leo katika lugha za Ulaya. Katika karne hiyohiyo hata utando wa ndani wa ganda la yai ulijaribiwa.

Baada ya hapo kazi hii ililala kwa takriban miaka 70. Sababu zake ni rahisi kueleweka. Usaha wa sikio ulikuwa ukiua watu kwa kupenya hata ubongoni, na mpasuaji wa zama zile alishughulika na uhai wa mgonjwa kabla ya kufikiri juu ya usikivu wake. Tena hakuweza kuona vizuri. Carl Nylén wa Stockholm alitumia hadubini katika upasuaji wa sikio mwaka 1921, lakini hadubini ya kupasulia iliyofaa kwa kazi ya kila siku ilipatikana kwa wingi tangu 1953 tu. Kati ya miaka hiyo ilikuja penisilini, na usaha ukapata mshindani.

Hapo wakatokea Wajerumani wawili, Horst Wullstein na Fritz Zöllner. Katika kongamano la kimataifa lililofanyika Amsterdam mwaka 1953, walieleza jinsi ya kujenga upya sikio la kati zima: kufunika tundu kwa ngozi, na papo hapo kuiunganisha njia ya sauti pale vifupa vilipokuwa vimeliwa na maradhi. Tangu hapo kuna upasuaji wa aina mbili ambao wafasiri wengi huuchanganya. Mmoja hushughulikia kiwambo peke yake. Mwingine hushughulikia kiwambo pamoja na chumba kilicho nyuma yake na vifupa vyake.

Ngozi, hata hivyo, ilileta matatizo. Ngozi ya nyuma ya sikio ina tezi za jasho na vinyweleo, na desturi yake ni kujibambua kila siku. Nje ya mwili mabamba hayo huanguka. Ndani ya sikio hayana pa kwenda, basi hurundikana, huoza na kunuka. Mahali pengine mabaki ya ngozi yaliyofukiwa huota na kuwa kolesteatoma, yaani fundo la ngozi iliyojikusanya ambalo hula mfupa ulio karibu nalo. Ngozi ilishika vizuri, lakini iliendelea kuwa ngozi. Kumbe haikutosha kwa kitu kushika. Ilipasa kiwe ni kitu kinachofaa kuishi pale kilipowekwa.

5. Kutafuta kilicho karibu

Katika muda wa miaka michache madaktari waliigeukia tabaka ya kati ya kiwambo, ile ya nyuzi, wakatafuta mwilini tishu iliyofanana nayo. Mwaka 1960 John Shea wa Memphis, Marekani, alitumia ukuta wa vena. Ulikuwa mwembamba na mwepesi kushika, ila ulihitaji jeraha la pili mbali na sikio, na baada ya muda uliweza kukonda na kutoboka tena.

Kilichoshinda kilikuwa karibu zaidi. Juu ya sikio, kwenye panja, pana msuli wa kutafunia. Mtu akiweka kidole hapo na kutafuna atausikia ukicheza. Msuli huo umefunikwa na utando mweupe na imara wa nyuzi. Hans Heermann wa Ujerumani aliutumia mwaka 1958, na mwaka 1961 Storrs akaueneza Marekani. Utando wa panja una sifa zinazomfaa mpasuaji. Hupatikana kwa kulikata jeraha lilelile la nyuma ya sikio, au karibu nalo. Ni mpana wa kutosha hata kwa tundu kubwa. Mahitaji yake ya chakula ni madogo, kwa hiyo huvumilia siku za kwanza kabla mishipa ya damu haijaufikia. Ukianikwa kidogo huwa kama karatasi, na huweza kukatwa kwa kipimo. Haukupita muda mrefu ukawa ndio kipimo ambacho vitu vingine vyote hulinganishwa nacho.

Mwaka 1962 Ringenberg alionyesha kwamba hata donge dogo la mafuta kutoka kwenye ndewe, ile ncha laini ya sikio, laweza kuliziba tundu dogo. Hivyo usemi wa wazee juu ya mtu asiyesikia la ndewe wala sikio umepata maana ambayo wenyewe hawakuikusudia.

Katika hatua hii yafaa tujiulize neno. Kilimo chetu kina maneno mawili yaliyo karibu. "Kubebesha" ni kuunga kikonyo cha mwembe mmoja juu ya shina la mwingine, na kikonyo hicho hubaki kuwa kilekile na kuzaa matunda yake. "Kupandikiza" ni kuhamisha mche kutoka kitaluni hadi shambani. Utando wa panja haufanani kabisa na hata kimoja, kwa sababu ngozi ya kiwambo hutambaa juu yake na utando wa ute hutambaa chini yake, nao ukabaki katikati kama chanja. Hata hivyo, tofauti na karatasi ya Blake, wenyewe hupata mishipa ya damu na kuwa sehemu ya mwili. Kwa hiyo kupandikiza ndiko kunakokaribia zaidi, nasi tunalo tayari lile neno ambalo wakulima hulitumia kila msimu: mche umeshika.

6. Kiwambo cha marehemu

Katika miaka ya 1960 palikuwa na njia nyingine tena. Ikiwa tunatafuta kitu kinachofanana na kiwambo, kwa nini tusitumie kiwambo? Jean Marquet wa Antwerp, Ubelgiji, pamoja na wengine huko Marekani, walitoa viwambo katika maiti, mara nyingine pamoja na vifupa vyake, wakavihifadhi kwa dawa na kuvipandikiza kwa walio hai. Kwa umbo, hakuna kilichokaribia zaidi maumbile.

Njia hiyo ilififia tangu miaka ya 1980. UKIMWI ulipojulikana, kila tishu ya mtu mwingine ilitazamwa kwa jicho jipya. Tena palikuwa na hofu ya ugonjwa wa ubongo wa Creutzfeldt-Jakob, ambao chanzo chake hakiharibiwi na dawa za kawaida za kuhifadhia. Kwa ugonjwa usiohatarisha uhai, madaktari wengi waliona haifai kumtia mgonjwa katika hatari hiyo, hasa kwa kuwa utando wa panja ulikuwapo.

Sura hii fupi ina uzito mkubwa kwa mfasiri. Mgonjwa akisoma kwamba "atapandikizwa kiwambo" bila maelezo zaidi, ana haki ya kuuliza ni kiwambo cha nani. Wapo watakaokataa matibabu kwa sababu ya imani au kwa hofu tu, ilhali daktari alikusudia kuchukua utando wa mgonjwa mwenyewe, juu ya sikio lake mwenyewe. Asili ya pandikizi si jambo la pembeni. Ni sehemu ya istilahi.

7. Gegedu na mizani miwili

Utando wa panja una udhaifu wake. Hujikunja kwa kiasi kisichotabirika, na pale ambapo neli ya sikio haipitishi hewa vizuri, huvutwa ndani kama kiwambo cha kwanza kilivyovutwa. Kwa masikio magumu ya namna hii madaktari waliligeukia gegedu, ile tishu ngumu kiasi ilipatayo sikio umbo lake. Huchukuliwa katika kinundu kilicho mbele ya tundu la sikio, au katika bakuli la sikio lenyewe. Majaribio ya kwanza ni ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Mwaka 1964 Victor Goodhill alieleza matumizi ya utando unaolifunika gegedu hilo. Joachim Heermann naye alilikata gegedu vipande vyembamba na kuvipanga kimoja kando ya kingine, kama fito za ua.

Gegedu huishi kwa chakula kidogo, halijikunji, wala halivutwi ndani kwa urahisi. Lakini ngoma iliyowambwa kwa ubao italia? Hilo ndilo swali lililowazuia wengi. Mwaka 2000 Thomas Zahnert na wenzake wa Ujerumani walipima mtikisiko wa gegedu maabarani, wakaona kwamba likichongwa hadi unene wa milimita 0.5 au pungufu huipitisha sauti vya kutosha huku likibaki imara. Upungufu mmoja haukuondoka: gegedu halipitishi mwanga, na daktari hawezi kuona kama maradhi yamerudi nyuma yake.

Sasa tuulize kama wagonjwa wanavyouliza: ni lipi lililo bora? Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 37 zenye wagonjwa zaidi ya 3,600. Gegedu lilishika kwa asilimia 92, na utando wa panja kwa asilimia 82. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini uchambuzi mwingine wa mwaka 2012, ambao nao ulithibitisha kwamba gegedu hushika vizuri zaidi, haukupata tofauti ya usikivu iliyothibitika kati ya vitu hivyo viwili.

Msomaji aangalie vizuri. Hapa kuna mizani miwili. Mmoja hupima kama pandikizi limeshika na tundu limeziba. Daktari hulitazama kwa jicho. Mwingine hupima usikivu: tofauti kati ya sauti ipitayo hewani na ile ipitayo moja kwa moja mfupani, kwa kipimo cha desibeli. Mgonjwa huweza kushinda katika mzani wa kwanza na asipate kitu katika wa pili, kwa sababu vifupa vyake vimeliwa au sikio lake la ndani limechoka. Mizani yote miwili ni ya haki. Mtu ambaye sikio lake lilitoka usaha kwa miaka kumi, na sasa limekauka, amepata faida kubwa hata kama hasikii zaidi. Lakini aliyeitia sahihi karatasi akitumaini kusikia, na karatasi ikamwambia "hufaulu", amehadaiwa. Aliyemhadaa si daktari wala mpasuaji. Ni neno.

8. Mapendekezo

Kwa kuzingatia historia hii, tunawapendekezea wafasiri, walimu na watumishi wa idara za afya yafuatayo, nasi tutapokea maoni yao kwa shukrani.

(a) Kizibo: kitu kisicho hai kitiwacho sikioni na kuweza kutolewa, kama pamba au kisahani cha mpira.

(b) Kiraka: kitu kisicho hai, kama karatasi, kibandikwacho ili kingo za tundu zitambae juu yake na kukutana.

(c) Pandikizi: tishu ihamishwayo ili ishike. Tunajua kwamba neno hili lina maana nyingine, kwani "pandikizi la mtu" ni jitu kubwa. Baadhi ya wafasiri wamelikimbilia "kipandikizi" ili kuepuka kicheko. Tunashauri wasifanye hivyo. Katika kliniki zetu "vipandikizi" vimekwisha kuwa jina la vijiti vya uzazi wa mpango viwekwavyo mkononi, na mwanamke atakayesoma kwamba atawekewa kipandikizi atafikiri jambo jingine kabisa. Kicheko ni afadhali kuliko kuelewa vibaya.

(d) Jina la pandikizi lifuatwe na jina la tishu, na mara ya kwanza asili yake itajwe: "pandikizi la utando wa panja, lichukuliwalo kwa mgonjwa mwenyewe", "pandikizi la gegedu, lichukuliwalo katika sikio la mgonjwa mwenyewe".

(e) Kuwamba kiwambo: upasuaji wa kuziba tundu la kiwambo peke yake. Ujenzi wa sikio la kati: upasuaji unaoshughulikia pia vifupa na chumba chake.

(f) Kushika, kuziba, kusikia: maneno matatu kwa mambo matatu. Neno "kufaulu" lisitumike peke yake katika karatasi ya mgonjwa. Pengo la hewa na mfupa liwe jina la kile kipimo cha usikivu tulichokieleza.

Kwa kuyafuata hayo, sentensi tuliyoipitisha siku ile ingesomeka hivi: "Katika tafiti zilizokusanywa mwaka 2017, pandikizi la gegedu lilishika kwa wagonjwa 92 katika kila 100. Kushika si kusikia. Usikivu wako utapimwa kabla na baada ya upasuaji, na daktari atakueleza unachoweza kutazamia." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini mwalimu wetu angeisoma, angeuliza swali lake kabla ya kisu, na angeamua mwenyewe.

Hitimisho

Wahenga walisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mpasuaji huivutia kwenye tundu lililoziba, kwa kuwa ndilo alionalo. Mfasiri huivutia kwenye neno fupi na tamu, kwa kuwa ndilo limpendezalo. Nasi wa istilahi tuliivutia kwenye tahajia, kwa kuwa ndiyo kazi tuliyoizoea. Mgonjwa hana nafasi ya kuvuta upande wowote. Yeye husoma karatasi aliyopewa na kutia sahihi.

Rasimu ile imerudishwa mezani kwetu kwa ombi letu wenyewe, nasi tumeiandika upya. Tunawaomba wenzetu waliopitisha karatasi za namna hiyo, katika fani yoyote ya tiba, wazitoe makabatini na kulitafuta ndani yake neno "kufaulu". Kila watakapolikuta, wajiulize: nani amefaulu, na katika nini?